Kiti cha Heshima Kilikuwa Mbali na Taa

Balbu kubwa ikiwashwa baada ya kukaa siku nyingi, vumbi lililotulia juu yake huungua kwanza. Harufu yake ni kali, kama ya nywele zilizoguswa na moto, na kwenye chumba kilichojaa poda, mafuta ya nazi na jasho la watoto waliovalishwa nguo mpya, harufu hiyo hugeuka kitu cha kukera kabisa. Ndiyo ilikuwa harufu ya studio ya Fundi Rajabu pale Nguvumali, na mpaka leo, mtu mzima na akili zangu, ikinifikia puani hasira zinanipanda. Wenzangu wakikumbuka picha za Idd za utotoni wanatabasamu. Mimi najikuta nimekunja ngumi. Naomba msomaji anivumilie, maana nitakayoyasema yamenikaa kifuani tangu nikiwa mtoto wa darasa la nne, na kila nilipojaribu kuyasema nyumbani niliambiwa nina mdomo mrefu.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, na dirisha lake lilizibwa kwa pazia zito la kijani ili jua lisipenye hata kidogo. Nyuma ya watu palitundikwa turubai lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, chungu cha maua na ndege ya abiria ikipaa. Ukikaa kuitazama kamera, mkono wako wa kulia, chini ya ile ndege, kulikuwa na kiti kikubwa cha mbao chenye nakshi na mto mwekundu. Hicho kiliitwa kiti cha heshima. Hakukaa mtoto pale, wala kijana. Alikaa mkubwa wa familia, tena alikaa kulia kwa sababu kulia ndiko kwenye heshima, na hilo hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufundishwa. Mkono wa kushoto ndiko kulikokuwa na mlango, na hapo mlangoni watu walivua viatu. Kando ya viatu, ukutani, palikuwa na soketi moja ya umeme, na kwenye soketi hiyo palichomekwa taa moja, balbu ndani ya bakuli la bati juu ya mguu wa chuma. Waya wa taa ulikuwa mfupi. Kila Idd Fundi Rajabu aliahidi kununua waya mrefu, inshallah, na kila Idd tuliikuta taa imesimama palepale karibu na viatu.

Mwaka ninaousema, Bibi Mwanahawa, mama yake mama yangu, alitoka Pangani akaja kukaa kwetu kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mashavu yake yameinuka, na katikati ya meno ya mbele alikuwa na mwanya ambao aliutumia kupigia mluzi kuku. Ulimi wake ulikuwa upanga. Siku ya kwanza tu aliwatukana samaki wa Tanga kwamba hawana ladha, akaitukana minazi yetu, akamtukana hata muuza maji kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Nilimpenda mno. Nililala kwenye mkeka wake, nikapewa kitumbua cha kwanza kabla ya watoto wengine, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Huyu Mwana ndiye mimi niliyezaliwa tena, mtazameni." Nilikuwa mweusi kama yeye, na mama yangu vilevile. Mama Mkubwa Shamsa, dada yake mama, alimfuata babu. Yeye alikuwa mweupe, pua nyembamba, na mtoto wake Seif, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa mweupe kama yeye.

Alasiri moja katikati ya Ramadhani, Bibi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, nami nimekaa ubavuni kwake. Akaniambia bila kuniangalia, "Mwana, mie mama yangu nimemsahau uso." Nilidhani anatania. "Wallahi nimemsahau. Mikono yake naikumbuka, sauti yake naisikia, khanga yake ya mwisho naijua rangi. Lakini uso, nikiutafuta, siupati." Hakuwahi kuwa na picha ya mama yake, na yeye mwenyewe alikuwa na picha moja tu, ndogo, iliyoharibika paa lilipovuja mwaka wa mvua kubwa. Ndipo akasema anataka apigwe picha Idd hii, picha kubwa, aachie wajukuu. Alisema kifua hiki anakijua mwenyewe, hata kama hospitali wanamwambia atapona. "Nataka nikiondoka mnione," alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida, akaendelea kutoa chuya. Mama alisikia kutoka jikoni, na nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kuanzia siku hiyo picha ya Bibi ikawa jambo la nyumba nzima. Mama alimshonea gauni, Mama Mkubwa akaleta ushungi wake wa hariri, na mimi nikaahidiwa kusimama nyuma ya kiti chake.

Idd pili tulikwenda. Tulikuta watoto wamepanga foleni mpaka barabarani na miwani ya plastiki usoni. Fundi Rajabu alipomwona Bibi aliinama, "Shikamoo mama," akampisha mbele ya watu wote, akamshika mkono mpaka kwenye kiti cha heshima. Sisi wengine tulipangwa kwa kushuka. Bibi kulia, mimi nyuma yake, mama katikati kwenye stuli, na Mama Mkubwa mwisho kushoto akiwa amempakata Seif, shavu lake karibu na taa kiasi kwamba mtoto alikunja macho na kulia. Fundi Rajabu alizunguka kamera yake, akachungulia, akatoka, akamsogelea Mama Mkubwa, akamtazama uso, akarudi. Namkumbuka akisema, "Dada Shamsa utaungua hapo, ngoja nipunguze." Akapunguza tundu la kamera ili mwanga wa Mama Mkubwa usizidi. Wala hakwenda upande wa pili kumtazama Bibi. Bibi alikaa wima, mikono juu ya mapaja, kidevu juu, akiwa amejizuia kukohoa kwa muda wote ule, na mimi mkono wangu ulikuwa begani kwake nikisikia anavyohangaika na pumzi. Kisha ikalia kachaa, tukaambiwa turudi Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Mama aliileta picha ndani ya bahasha, akaifungua mbele ya Bibi, na nikaona uso wa mama ukibadilika kabla sijaiona picha. Mama Mkubwa alitoka vizuri mno. Seif alitoka, hata machozi yake yalihesabika. Mama alikuwa nusu, upande mmoja wa uso upo, wa pili umezama. Halafu chini ya ile ndege palikuwa na gauni jeupe limekaa kwenye kiti. Juu ya gauni palikuwa na ushungi, na kati ya gauni na ushungi palikuwa na giza lenye vitone viwili vya macho. Nyuma yake kulikuwa na utepe wa nywele zangu unaelea peke yake. Bibi aliisogeza picha mpaka karibu na pua, akaigeuza, akaitazama nyuma kana kwamba yeye amejificha huko. "Mbona mie simo?" aliuliza.

Mama na Mama Mkubwa wakairudisha kwa Fundi Rajabu, nami nikafuata. Yule bwana hata hakushtuka. Aliitazama, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Kamera haisemi uongo. Mama ni mweusi, na mwanawe huyu mdogo naye ni mweusi. Kamera haiwakubali." Akanigeukia akacheka, "Wewe siku nyingine ucheke, tukuone meno!" Na Mama Mkubwa akacheka. Na mama yangu, ambaye nyumbani hakuwa mtu wa kuonewa, akainamisha kichwa na kuuliza kwa adabu kama kuna dawa. Hebu niambieni, jamani! Mtu mwenye kazi yake ameshindwa kazi yake, halafu anayeomba msamaha ni mteja, kwa kosa la kuzaliwa na rangi aliyompa Mungu. Na sote tulikubali. Tulikubali kwa urahisi ambao hata leo ukiniuliza kipi kinaniuma zaidi, uongo wa fundi au wepesi wetu wa kuumeza, sijui nikujibu nini.

Maana ulikuwa uongo, na nitaeleza kwa nini, tena taratibu, kwa sababu hakuna aliyetueleza sisi. Mwanga wa taa hauendi kama maji ya bomba, kwamba yanayotoka hapa ndiyo yanayofika kule. Unapotoka kwenye balbu unatawanyika kila upande, na kadiri unavyokwenda unakuwa mwembamba haraka kuliko mtu anavyodhani. Aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye taa hapati nusu ya mwanga wa aliyekaa hatua moja, anapata robo. Aliyekaa hatua tatu anapata fungu moja tu kati ya tisa. Sasa Mama Mkubwa alikuwa hatua moja kutoka kwenye ile balbu, na Bibi alikuwa hatua tatu. Mmoja alipewa mafungu tisa ya mwanga, mwingine fungu moja, halafu fundi akapunguza tundu la kamera kwa kumpimia yule wa mafungu tisa. Angekaa malkia wa theluji kwenye kile kiti, naye angetoka giza. Mtu mweusi anataka mwanga zaidi kidogo ili sura yake isomeke vizuri, na Bibi ndiye aliyepewa mdogo kuliko wote, kwa sababu tulimheshimu. Heshima ndiyo iliyompeleka kulia, na waya mfupi ndio ulioifunga taa kushoto.

Na dawa ilikuwepo. Ingetosha taa kusogezwa nyuma, mbali na kila mtu. Najua linasikika kama wazimu, kwamba ili Bibi aonekane taa iende mbali zaidi, lakini ndivyo ilivyo. Taa ikiwa hatua tano kutoka kwa Mama Mkubwa, inakuwa hatua saba kutoka kwa Bibi, na hapo tofauti yao imekuwa ndogo. Bibi anapata kama nusu ya mwenzake, siyo fungu moja kati ya tisa. Mwanga wote unapungua, ndiyo, basi unafungua tundu la kamera, unawaambia watu watulie kidogo, na kila mtu anatoka na uso wake. Jua liko mbali mno, ndiyo maana kwenye mstari wa shule wa mbele na wa nyuma wanachomwa sawasawa. Moto wa jiko uko karibu, ndiyo maana aliyelikalia anaungua magoti na aliye nyuma yake anaona baridi. Mambo haya kila mpishi wa Nguvumali anayajua kwa ngozi yake. Lakini kwenye studio tuliacha akili mlangoni pamoja na viatu.

Basi dawa tuliyopewa ilikuwa poda. Fundi Rajabu alisema turudi, Bibi apakwe poda nyingi, "itamvuta." Na wiki iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, Mama Mkubwa alimkalisha Bibi kwenye stuli nyumbani kwetu akampaka poda ya watoto usoni, shingoni, mpaka masikioni. Nami nikapakwa. Bibi alikohoa, poda ikapaa, akasema, "Shamsa, unanikaanga?" Tulicheka, lakini macho yake hayakucheka. Njiani watoto walitufuata wakipiga kelele, na yeye, ambaye siku zote alikuwa na jibu kwa kila mtu, hakuwajibu neno. Alitembea polepole akiwa ameshika ukuta wa nyumba za watu, na kila baada ya muda alisimama kuvuta pumzi.

Tulipoingia, taa ilikuwa imeshawashwa. Bibi aliinama mlangoni kuvua ndara, akajifuta jasho kwa kiganja, na poda ya shavu moja ikatoka. Akainua kichwa. Alikuwa kando ya taa, siyo mbele yake hasa, na mwanga ulimpiga ubavuni. Nikamwona. Nilimwona Bibi yangu wote, mfupa wa shavu, mikunjo ya karibu na jicho, kovu dogo juu ya nyusi, weusi wake ukiwa na rangi ndani yake, ya kahawia na ya dhahabu. Nikapiga kelele, "Fundi! Bibi anaonekana hapa! Apigwe hapa hapa!" Kila mtu aligeuka. Fundi Rajabu alitazama chini, akaona viatu, akanitazama mimi. "Hapa kwenye ndara za watu? Bibi yako mzaa mama?" Mama Mkubwa alinifinya mkono mpaka machozi yakanitoka. "Huna adabu wewe! Watu watatuonaje, mama mzazi kakalishwa kwenye viatu?" Bibi akasema, "Mie hata nikikaa chini, Shamsa, almuradi nionekane." Akajibiwa, "Hapana mama, haiwezekani, mbele za watu!" Wakamshika mkono huku na huku, kwa upole wote, wakampeleka kulia kwenye kiti cha heshima. Mama yangu hakusema kitu, na nimemlaumu kwa hilo mpaka siku tulipomzika, ingawa sikuwahi kumwambia.

Picha ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Poda ilishika mwanga kidogo uliofika kule, ikatoa uso wa kijivu usio na mashavu wala mikunjo, matundu mawili ya macho na mstari wa mdomo. Bibi aliitazama akiwa kibarazani. "Mmenivisha sanda mapema," alisema. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akaichomeka kwenye makaa, akasimama kuitazama ikijikunja mpaka ikaisha. Mama alimwambia wataenda tena kwa fundi mwingine, mjini, yule mwenye taa nyingi. Bibi akasema, "Basi mwanangu. Mie sina sura ya picha." Yeye, mwenye mashavu yale! Yeye aliyewaambia wageni wanitazame! Aliamini. Nilimwona akiamini, na nikamwona jioni ile akinitazama mimi kwa jicho jipya, jicho la kunisikitikia, na hilo sitamsamehe Fundi Rajabu hata nikikutana naye akhera. Siku chache baadaye alirudi Pangani. Hakuifikia Idd iliyofuata. Habari zilikuja asubuhi, tukaenda kuzika, na tuliporudi kitu pekee tulichokuwa nacho kilikuwa ile picha ya kwanza, gauni jeupe kwenye kiti.

Nimekua nikiitwa kwa jina la lile giza. Shuleni kila picha ya darasa ilipoletwa, kulikuwa na wa kuuliza Mwana yuko wapi, na wa kumjibu kwamba alisahau kucheka. Sikuchagua kazi ya kupiga picha kwa mapenzi. Niliichagua kwa ubishi. Nilijifunza kwa kuharibu, kwa kamera ya kuazima, kwenye harusi za majirani, na nilikuwa naharibu vilevile kama Fundi Rajabu, maana na mimi nilikuwa na taa moja na sikujua. Siku niliyojua ilikuwa kule njia ya Muheza, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani yetu Mlutheri. Kwaya nzima ilitaka picha, mstari mrefu, na mahali pa kuiweka taa karibu hapakuwepo kwa sababu ya mabenchi. Nikaisukuma nyuma mpaka ukutani kwa hasira, nikafungua tundu la kamera, nikapiga. Nilipoangalia kwenye kioo cha kamera, msichana wa mwisho kabisa kwenye mstari, mweusi kama mimi, alikuwa na uso. Macho, mashavu, jasho la puani, vyote vipo. Nilikaa kwenye benchi la kanisa nikalia kwa sauti. Mama mmoja wa kwaya alidhani nimeguswa na ibada, akanishika bega. Sikuwa nimeguswa na ibada, nilikuwa nimekasirika. Kumbe lilikuwa jambo jepesi hivyo.

Sasa mtu ataniambia mambo yamebadilika, kila mtu ana kamera mfukoni. Yamebadilika nini? Simu yenyewe ukiielekeza usoni inakung'arisha bila kuombwa, inakuchonga pua, inakufuta mikunjo. Naenda kwenye harusi nakuta vijana wenye mataa ya kisasa makubwa kama ungo, na wanafanya nini? Wanalisogeza lile taa mpaka kwenye shavu la bibi harusi, anang'aa kama bati, halafu mama mzazi wa bwana harusi, aliyesimama pembeni kwa heshima zake, anazama. Nikiwaambia wasogeze nyuma, wananiambia, "Dada tulia, tutaweka sawa kwenye kompyuta." Wasichana wazuri, weusi wa kupendeza, wanakuja kwangu wanaanza kuomba radhi kabla hawajakaa, "Dada, mimi sitoki vizuri, unisaidie." Nani aliwaambia? Nyaya sasa ni ndefu, taa ni nyepesi, mtoto anaweza kuibeba, na bado hakuna anayeisogeza.

Idd iliyopita tulikusanyika nyumbani kwa Mama Mkubwa. Sasa ni mzee, miguu imemkataa, anashinda kwenye kochi lake na bakora ubavuni. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya watoto wa Bibi. Seif, yule aliyekuwa akilia mapajani mwake karibu na taa, sasa ni baba wa watoto wanne, na alikuja na kitu kikubwa kimefungwa kwa karatasi. Alikuwa ameipeleka ile picha yetu ya kwanza kwa vijana wa mjini wanaotumia akili mnemba, wakaitengeneza, wakaiweka kwenye fremu ya dhahabu. "Nimewaletea Bibi," alisema, na akaifungua. Watoto walipiga makofi. Kwenye kiti cha heshima, chini ya ndege, alikaa mwanamke mwenye uso. Ngozi yake laini, maji ya kunde, pua nyembamba, anatabasamu kwa mdomo uliofumba. Nilisimama nikiwa na sahani ya pilau mkononi, sikujua niiweke wapi. "Huyu nani?" nilimuuliza. Seif alinitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Dada Mwana, si Bibi? Si bora hivi kuliko lile giza?" Mtoto wake wa mwisho alikwishaisogelea ile fremu, anakibusu kioo.

Mama Mkubwa akaomba aletewe. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo tukamfungulia dirisha, tukamwekea mapajani. Akaitazama kwa muda mrefu sana, akapitisha kidole kwenye pua, akateremka kwenye kidevu. Tulidhani analia kwa furaha. Kisha akasema, "Seif, hii pua yangu. Na hiki kidevu changu. Huyu si mama. Huyu ni mimi." Na alikuwa sahihi. Ile mashine haikukuta kitu pale kwenye giza cha kushika, ikaazima uso kwa jirani, kwa yule aliyepewa mwanga wote, ikambandika Bibi. Seif alianza kueleza kwamba inaweza kurekebishwa, kwamba atawaambia waifanye nyeusi kidogo, nikamwambia anyamaze. Nilimfokea mbele ya wanawe, na sijutii.

Mama Mkubwa aliisukuma fremu pembeni, akataka ile ya zamani. Nikaitoa kwenye bahasha aliyokuja nayo Seif, nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akanitazama. "Wewe si ndiye fundi wa picha, Mwana? Una mataa, una makompyuta. Hebu nitolee mama yangu humu." Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia siwezi. Nikamwambia mwanga wa kutosha haukufika kwake siku ile, na usipofika siku ile hakuna wa kuuleta leo, mimi wala mwingine. Alifikiri. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani taa ilikuwa mbali kiasi gani na yeye?"

Niliinuka, nikachukua stuli nikaiweka karibu na mlango, nikamwambia hii ndiyo taa. Nikapiga hatua moja, nikasema hapa ulikaa wewe na Seif. Nikapiga nyingine, hapa mama. Nikapiga ya tatu, nikasimama, nikamwambia hapa ndipo alipokaa Bibi. Mama Mkubwa alitazama stuli, akanitazama mimi, akatazama stuli tena. Akainua bakora yake, akainyoosha miguuni kwangu, kisha kwenye stuli, na mkono wake haukusogea sana.

"Hapo tu?" aliuliza.

"Hapo tu, Mama Mkubwa."